Nasaba ya Baba na Wana wa Hamu

Kwa Watanzania wengi habari za vinasaba zilianza kusikika kwa njia ya ugomvi. Mtoto ni wa nani? Wazee wamekaa, wameshindwa kuamua, na shauri limefikishwa mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo mtu akitaja DNA, wasikilizaji humfikiria baba mmoja na mtoto mmoja, na aibu inayoweza kufuata. Lakini elimu hiyohiyo, ikirudishwa nyuma vizazi mia na zaidi, inaeleza jambo lingine: makabila yetu yalipitia njia gani hadi kufika mahali yalipo leo. Sisi tunaofundisha historia ya kanisa tunaulizwa habari hii na wanafunzi karibu kila mwaka, na mara nyingi swali huwa na jingine lililofichwa ndani yake: je, kuna watu walio wenyeji zaidi kuliko wengine, na je, Biblia imekwisha kusema ni akina nani?

Kwanza jambo lenyewe. Mwanamume hurithi kutoka kwa baba yake kamba moja ndogo ya vinasaba iitwayo kromosomu Y. Binti hapewi. Vinasaba vingine karibu vyote huchanganywa upya katika kila kizazi, cha baba na cha mama, hata haijulikani tena kipi kilitoka wapi. Lakini Y hupita karibu yote bila kuchanganywa, kutoka baba hadi mwana, hadi mjukuu. Ina herufi zaidi ya milioni 60, na ilisomwa yote, mwanzo hadi mwisho, mwaka 2023 tu. Mara chache sana herufi moja hunakiliwa vibaya, na kosa hilo hurithiwa na wote wanaofuata.

Wanafunzi wa theolojia hulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa sababu wamesoma habari za nakala za kale za Agano Jipya. Mwandishi mmoja akiruka neno, wote walionakili kutoka kwake wataliruka neno lilelile, na kwa kosa hilo tunatambua kwamba nakala hizi ni za jamaa moja. Ndivyo wataalamu wanavyopanga mbari za kiume za dunia nzima. Tangu mwaka 2002 wanatumia utaratibu mmoja wa kuzitaja kwa herufi, kuanzia A. Mbari za A na B, ambazo zilitengana na nyingine zamani kabisa, hupatikana karibu zote hapa Afrika.

Wataalamu humwita baba wa mwisho wa mbari zote kwa jina la Adamu, na jina hilo limewapotosha wengi. Mtu huyo hakuwa peke yake duniani. Waliishi wanaume wengine pamoja naye, lakini wazao wao wa kiume kwa kiume walikwisha, maana mahali fulani katika mstari alizaliwa binti peke yake, au hakuzaliwa mtu. Damu yao ingali imo ndani yetu kwa njia ya mabinti. Tena ni lazima kukumbuka jinsi mstari huu ulivyo mwembamba. Ukihesabu vizazi kumi kwenda nyuma, unayo nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu Y inakueleza habari za mmoja wao tu. Wengine 1,023 iko kimya juu yao.

Basi na tuitazame nchi ya katikati ya Tanzania, kuanzia Ziwa Eyasi na uwanda wa Mbulu hadi Singida, Kondoa na Chemba. Hakuna sehemu nyingine ya Afrika ambako jamaa nne kubwa za lugha za bara hili zinakutana kwa ukaribu namna hii. Warangi, Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, husema lugha ya Kiniloti. Wasandawe na Wahadzabe husema lugha zenye sauti za kudoa, ambazo hazifanani na nyingine yoyote jirani, wala hazifanani sana zenyewe kwa zenyewe. Wote wamo katika sharika zetu. Jumapili moja unaweza kukuta kwaya moja ina watu wa jamaa tatu kati ya hizo nne.

Kwa wasemaji wa Kibantu mbari ya kiume iliyoenea kuliko zote ni ile iitwayo E-M2. Inafuata njia ambayo wanaisimu walikuwa wameichora kabla: kutoka mpaka wa Nigeria na Kamerun, miaka kama elfu nne au tano iliyopita, hadi nchi za Maziwa Makuu, na kutoka huko hadi pwani na kusini mwa bara. Walikuja na kilimo, na baadaye na chuma. Vyungu vya Urewe vinavyofukuliwa kando ya Ziwa Viktoria ni alama ya kupita kwao.

Kabla yao walikuwapo wafugaji. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walishuka kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika, na mwaka 2019 ilitangazwa habari ya watu wa kale 41 kutoka Kenya na Tanzania ambao vinasaba vyao vilisomwa kutoka katika mifupa. Wanaume wengi wa kundi la wafugaji wa kwanza walikuwa wa mbari moja, E-M293. Mbari hiyohiyo ilikwisha kutambuliwa mwaka 2008 katika damu ya watu walio hai, na ilionyesha jambo ambalo halikutazamiwa. Imeenea kwa Wadatoga, ipo kwa Wasandawe, na ipo pia mbali sana, kusini mwa Afrika, kwa watu wenye lugha za kudoa. Maana yake wafugaji wa Afrika Mashariki walifika kusini kama miaka elfu mbili iliyopita, pamoja na mifugo yao, kwa njia tofauti na ile ya Wabantu.

Tazama sasa jinsi mambo yanavyopishana. Wadatoga husema Kiniloti, lakini wengi wao wana baba wa wafugaji waliotangulia Waniloti. Wasandawe wamehifadhi lugha ya wawindaji, lakini katika mbari zao za kiume wamo wafugaji. Mtu huweza kubadili lugha katika vizazi viwili. Wazee wa Mbulu na Singida wanazijua koo nyingi zilizofanya hivyo, na hawakuhitaji maabara kujua. Kwa hiyo kabila ni kitu cha kweli, lakini si chungu kilichofunikwa tangu mwanzo wa ulimwengu.

Hapa ndipo tunapofikia lile swali lililofichwa. Wazee wetu wengi walifundishwa, shuleni au katika vitabu vya wageni, kwamba kila kilicho bora katika Afrika kililetwa na watu walioitwa Wahamiti, wazao wa Hamu mwana wa Nuhu, weupe au karibu na weupe, waliotoka kaskazini wakawatawala weusi. John Speke aliliandika wazo hilo mwaka 1863 alipotaka kueleza falme za Maziwa Makuu. Mjerumani Merker, ofisa wa jeshi aliyekaa Moshi, alitoa kitabu mwaka 1904 akidai kwamba Wamasai ni ndugu wa Waisraeli wa kale. Carl Meinhof, ambaye alikuwa mchungaji wa Kilutheri kabla ya kuwa profesa wa lugha za Kiafrika, aliandika kitabu kizima juu ya lugha za Wahamiti mwaka 1912, akawatia humo Wafulani, Wamasai na Wanama, ingawa lugha zao ni za jamaa tatu tofauti. Naye Mwingereza Seligman mwaka 1930 alilifanya wazo hilo kuwa somo la vyuo vikuu. Mwanaisimu Joseph Greenberg alilivunja upande wa lugha, na kitabu chake cha 1963 kililimaliza. Lakini wazo lililokwisha kufa vyuoni lilikuwa hai vijijini, na Rwanda mwaka 1994 wauaji waliwaambia majirani zao warudi Ethiopia walikotoka.

Jambo la kusikitisha kwetu ni kwamba kabla ya Wahamiti kufanywa kuwa bora, Hamu alikuwa amefanywa kuwa mlaaniwa. Kwa karne nyingi wahubiri walisema Waafrika ni weusi na watumwa kwa sababu Nuhu alimlaani Hamu. Atakayefungua Mwanzo sura ya 9 na kuisoma polepole ataona kwamba Nuhu hakumlaani Hamu hata kidogo. Aliyelaaniwa ni Kanaani, mmoja wa wana wanne wa Hamu, na sura ya 10 inawaweka wazao wa Kanaani huko Sidoni, Gerari na Gaza, si Afrika. Kushi, Misri na Putu hawakuguswa na neno lolote la laana. Wala rangi ya ngozi haitajwi popote katika habari hiyo. Basi Hamu yuleyule aliwafaa watu kwa kazi mbili zilizo kinyume: alipotafutwa wa kuhalalisha utumwa alikuwa baba wa weusi, na alipotafutwa wa kueleza falme na mifugo akawa baba wa weupe. Jina linaloweza kubeba mambo mawili kama hayo halikubebeshwa na Musa.

Sasa msomaji makini atauliza: je, hao wafugaji wa E-M293 waliotoka kaskazini si ndio Wahamiti wenyewe? Swali ni la haki, na lisikimbiwe. Kweli watu walihama kutoka kaskazini. Mwaka 2017 wataalamu walisoma vinasaba vya mtu wa kike aliyezikwa Luxmanda, wilaya ya Babati, miaka kama 3,100 iliyopita, wakakuta zaidi ya theluthi ya asili yake inafanana na ya wakulima wa kale wa nchi za Palestina na Siria. Lakini sehemu iliyobaki, iliyo kubwa, ilikuwa ya Afrika. Hakukuwa na taifa la watawala weupe. Palikuwa na watu waliochanganyika njiani, huko Afrika ya kaskazini mashariki, waliokuja na ng'ombe, wakaoana na waliowakuta. Waliochimba chuma na kulima hawakuwa wao. Hakuna dalili ya kabila moja lililokuwa limewaletea wengine akili.

Mambo kama hayo yalitokea pwani, ila huko habari imejulikana kwa undani zaidi. Mwaka 2023 ilitolewa kazi ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioiongoza. Upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika. Upande wa baba wengi wa wanaume walikuwa na mbari za Asia ya kusini magharibi, na sehemu kubwa ya asili hiyo ya Asia ilitoka Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, na baada ya 1500 Waarabu wakawa wengi kuliko Waajemi. Waliokuwa wakicheka masimulizi ya Kilwa juu ya Washirazi walinyamaza kidogo. Na wale waliosema kwamba miji ile ilijengwa na wageni nao walipaswa kunyamaza, maana lugha iliyobaki ni ya akina mama, na vyungu ni vya akina mama.

Ni hivyohivyo kwa Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, ambao husema baba zao walikuja kwa mashua kutoka mji uitwao Sena, na ambao hawali nguruwe na huwatahiri wana wao. Mwaka 1997 ilikuwa imetambuliwa alama ya Y iliyo ya kawaida kwa Wayahudi wenye mapokeo ya kuwa makuhani wa ukoo wa Haruni. Mwaka 2000 alama hiyo ikakutwa kwa Walemba, na katika ukoo wao wa Buba zaidi ya nusu ya wanaume waliopimwa walikuwa nayo. Ilikuwa habari kubwa. Uchunguzi wa 2013, uliotumia alama nyingi zaidi, ulikuwa wa tahadhari: asili ya ng'ambo kwa upande wa baba ni ya kweli, lakini haiwezi kufungwa kwa Wayahudi peke yao. Akina mama wa Walemba ni wenyeji wa kusini mwa Afrika.

Kwa nini baba husafiri na mama hukutwa nyumbani? Mara nyingine ni biashara, mara nyingine ni mahari, mara nyingine ni mkuki. Mwaka 2015 ilionekana kwamba kati ya miaka elfu nane na elfu nne iliyopita, katika sehemu nyingi za dunia, mbari za kiume zilipungua ghafla, hata ikakadiriwa mwanamume mmoja aliyeacha wazao kwa wanawake kumi na saba. Wanaume hawakuwa wachache. Ila koo chache zilishika mali na wake, na nyingine zikafutwa. Tukisoma Mwanzo 4 habari za Lameki, mwanamume wa kwanza katika Biblia kuoa wake wawili, akijisifu mbele yao kwamba ameua, tunasoma juu ya ulimwengu huo.

Kanisa la Kilutheri lina sababu yake ya pekee ya kuwa macho. Ujerumani, kuanzia mwaka 1933, mtu alipotakiwa kuthibitisha kwamba yeye si wa damu ya Kiyahudi, alikwenda usharikani. Vitabu vya ubatizo na ndoa, vilivyoandikwa na wachungaji kwa karne kadhaa kwa ajili ya kuonyesha ni nani aliyekufa na kufufuka pamoja na Kristo, vikafunguliwa kumtafuta bibi aliyebatizwa akiwa Myahudi. Wachungaji waliotia sahihi vyeti hivyo walikuwa wengi. Walikuwapo waliokataa kwamba damu iamue nani ahudumu madhabahuni. Martin Niemöller aliwakusanya wachungaji mwaka uleule, na Dietrich Bonhoeffer akaandika. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, 1977, Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza, na wakatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ukiri wa imani. Yaani kanisa linalowatenganisha watu mezani pa Bwana kwa sababu ya damu linauvunja ukiri wake lenyewe. Tamko hilo lilitolewa katika ardhi yetu.

Wako watakaosema kwamba Biblia yenyewe inapenda nasaba. Inazipenda. Katika Ezra sura ya 2 wako makuhani waliorudi kutoka Babeli, wakatafuta majina yao katika orodha, hayakuonekana, wakazuiwa kuhudumu. Wangefurahi sana kupata kipimo cha 1997. Lakini Waraka kwa Waebrania humweka juu ya Haruni kuhani Melkizedeki, ambaye hakuna aliyemjua baba yake wala mama yake. Na Mathayo anapoandika orodha ya baba kwa mwana, vizazi kumi na vinne mara tatu, anaikatiza kwa akina mama ambao hawakutakiwa na kanuni ya orodha: Tamari, Rahabu, Ruthu Mmoabi, na mke wa Uria. Kisha anafika kwa Yusufu, na mstari unakoma. Yesu hakupata kwa Yusufu kile ambacho wataalamu wa kromosomu Y wangetafuta. Alipata jina. Yusufu alimpa jina mtoto, na kwa sheria ya Wayahudi akawa wake, na hivyo mwana wa Daudi. Ahadi yote ya Agano la Kale ilipita katika tendo hilo la mtu aliyekubali kulea. Luka naye anasema wazi kwamba watu walidhani tu, halafu anaendelea na orodha hadi Adamu, asimwache mtu nje.

Tunarudi katikati ya Tanzania, kwa kuwa hapo swali si la vitabuni. Tunasikia katika sharika, hasa uchaguzi unapokaribia au shamba linapogawanywa, nani ni mwenyeji na nani ni wa kuja. Kama hoja ni hiyo, basi jibu la vinasaba liko wazi na halimpendezi karibu yeyote kati yetu. Wabantu ni wa kuja. Wakushi na Waniloti ni wa kuja. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wengi wana mbari ya B-M112, iliyo ya kale sana, ambayo huonekana pia kwa Wambilikimo wa misitu ya Kongo na kwa Wasan wa kusini. Idadi yao inakadiriwa kuwa elfu moja na kidogo tu. Nyika walizowinda zimeendelea kupungua kwa malisho ya wafugaji na mashamba ya wakulima, na wengi wa wakulima hao ni Wakristo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, ya jumuiya nzima, kwa msaada wa watu wasio wa kanisa. Mpaka umechorwa kwenye ramani. Ng'ombe na majembe yanayoukaribia ni ya waumini tunaowajua kwa majina, na mchungaji anayetumwa huko kutoka chuoni kwetu atalazimika kuwahubiria pande zote mbili za mpaka huo.